Mshahara Ulibeba Mengi: Mazungumzo Kuhusu Kutoka Ajira ya Kudumu Kwenda Kazi za Mkataba

(Mazungumzo haya yalitolewa Morogoro mbele ya mkutano wa wanachama wa SACCOS yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo. Yanawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Bodi, ndugu wanachama wenzangu, na wageni wetu mliovumilia kukaa nasi tangu asubuhi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu shikamooni.

Katibu aliponiomba nizungumze juu ya kuhama kutoka ajira ya kudumu kwenda kazi za mkataba, alinipa sababu moja tu, nayo ilinitosha. Alisema kwamba chama hiki kilipoanza karibu kila mwanachama alikuwa na mwajiri, na marejesho ya mkopo yalikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Leo akipitia daftari la wanachama anakuta washauri elekezi, wakufunzi wa muda, wataalamu wa miradi, na wale wanaojaza fomu kwa neno letu la kusitiri mambo, "mjasiriamali". Mliocheka mnajijua.

Wapo miongoni mwetu waliotoka kwa hiari, na wapo waliotolewa. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya iliyotegemea fedha za USAID, shirika lake la misaada, hapa nchini ilisimama, na watu waliokuwa na kadi za utumishi shingoni siku ya Ijumaa hawakujua Jumatatu waende wapi. Baadhi yao waliitwa tena baadaye, wafanye sehemu ya kazi ile ile kwa mkataba wa miezi michache. Wazee mlioko hapa mnakumbuka miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na neno "kupunguzwa" likaingia katika kila nyumba. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Kilicho kigeni ni kwamba sasa linawapata hata watu ambao hawajafukuzwa na mtu, watu wanaoandika wenyewe barua ya kuacha kazi kwa sababu wameona mshauri mmoja akilipwa kwa siku kumi kiasi ambacho wao hulipwa kwa mwezi mzima.

Nataka nizungumze hasa na hao. Ninalotaka kuwaambia ni hili: mshahara haukuwa fedha peke yake. Ndani yake mlikuwa na likizo, mlikuwa na uzee wako, mlikuwa na siku zako za kuugua, na nyuma yake alikuwapo mwajiri aliyefanya kimya kimya kazi ya karani wa kodi, kazi ya mtunza akiba na kazi ya mdhamini wako kwa mkopeshaji. Ukiingia kwenye mkataba, kazi hizo zote zinabaki pale pale, ila sasa mtendaji wake ni wewe. Na asiyeziweka kwenye bei yake atazilipia mfukoni mwake.

Ndugu zangu, kabla ya bei kuna swali linalotangulia. Unatia saini nini?

Kuna mikataba miwili ambayo watu huichanganya kila siku. Wa kwanza ni mkataba wa ajira wa muda maalumu. Huyu aliyeusaini bado ni mwajiriwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua, akiwa mtaalamu au mtu wa ngazi ya uongozi, sawasawa na inavyomtambua mwenye ajira isiyo na kikomo. Anayo likizo ya mwaka ya siku 28, mama anayo likizo ya uzazi ya siku 84, na mwajiri anawajibika kuwasilisha michango yake NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Wa pili ni mkataba wa huduma. Aliyesaini huu ni mfanyabiashara anayeuza utaalamu wake. Hana mwajiri, ana mteja. Mikataba yote miwili ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, yote ina mhuri, na yote watu huiita "mkataba" tu. Lakini mtu wa kwanza akivunjika mguu kazini analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mtu wa pili analindwa na alichojiwekea mwenyewe.

Nimekaa miaka mingi katika ofisi za rasilimali watu, na nimeona mchezo mmoja ukirudiwa. Kijana mmoja, fundi wa mifumo ya kompyuta katika kampuni moja ya Dar es Salaam, aliitwa na kuelezwa kwamba kuanzia mwezi unaofuata atakuwa "mshauri wa kujitegemea". Mshahara ukaitwa ada. Akasaini, kwa sababu ada ilikuwa kubwa kidogo kuliko mshahara, na nani hapendi kuongezewa? Siku ya kwanza ya ushauri wake wa kujitegemea alifika kabla ya saa 2 asubuhi, akasaini daftari la mahudhurio pale pale getini, akaketi kwenye meza ile ile, akawasha kompyuta ile ile ya kampuni, na ilipofika saa 5 akaomba ruhusa kwa msimamizi yule yule ampeleke mtoto kliniki. Kwenye maisha yake ya kazi halikubadilika lolote, isipokuwa michango ya NSSF ilikoma na kadi ya bima ya afya ya mkewe ikakataliwa dirishani.

Je, kijana huyu ni mshauri? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inatupa jibu. Mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo japo hali moja kati ya hizi: namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi ile, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamtumikia huyo mmoja tu. Hesabuni wenyewe kijana wetu alikuwa na ngapi. Kichwa cha mkataba kisikutishe, kwa maana yanayoangaliwa ni yale yanayotendeka kila siku. Na ukiona umeachishwa isivyo haki, mlango wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, na muda wake ni siku 30 tangu kuachishwa. Siku 30 ni chache. Watu huzimaliza wakisubiri kuonana na meneja.

Niongeze jambo kwa wenye mikataba ya ajira ya muda maalumu ambayo imekuwa ikihuishwa mwaka hadi mwaka. Sheria inatambua kwamba, ukiwa na sababu za msingi za kutarajia mkataba uhuishwe, kukataa kuuhuisha kunaweza kuhesabika kuwa ni kukuachisha kazi. Sababu za msingi maana yake ni barua, baruapepe, ahadi ya maandishi, mwenendo wa mwajiri wa miaka iliyopita. Matumaini ya moyoni hayamo. Kwa hiyo tunzeni karatasi.

Sasa twende kwenye bei, na hapa naomba simu ziwekwe mezani, zitumike kama vikokotoo.

Dada mmoja, afisa ufuatiliaji na tathmini, mradi wake ulifungwa. Mshahara wake ulikuwa shilingi 2,000,000 kwa mwezi. Shirika jingine likamwomba tathmini ya muda mfupi, likamuuliza ada yake kwa siku. Dada akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: akachukua 2,000,000, akagawa kwa siku 22 za kazi, akapata karibu 91,000. Akaongeza kidogo kwa aibu, akaandika 100,000. Wakamkubalia siku ile ile. Ndugu zangu, mteja akikubali bei yako kabla chai haijapoa, kuna hesabu umeiruka.

Hesabu gani? Tuanze. Mwajiri wake alikuwa akichangia NSSF asilimia 10 juu ya mshahara, yaani 200,000. Mfuko wa Fidia asilimia 0.5, yaani 10,000. Tayari tuko 2,210,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 26,520,000, na bado hatujagusa bima ya afya, kompyuta, bando la intaneti, umeme wala kiti alichokalia. Sasa siku. Mwaka una siku 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ondoa likizo, ondoa sikukuu, unabaki na siku kama 230. Lakini mtu wa mkataba hauzi siku zote 230. Ziko siku za kutafuta kazi, siku za kuandika maombi ya zabuni yatakayokataliwa, siku za kufuatilia malipo, siku za malaria. Akifanikiwa kuuza siku 150 kwa mwaka, huyo ni mtu mwenye jina. Gawa 26,520,000 kwa 150. Mnapata ngapi? Karibu 177,000. Hiyo si bei ya tamaa. Ni bei ya kubaki pale pale alipokuwa.

Nasikia mtu upande wa kushoto akisema mteja atakataa. Huenda akakataa. Mkataba wa miezi sita mfululizo kwa mteja mmoja unaweza kubeba ada ndogo zaidi, kwa sababu siku za kutafuta kazi zinapungua, na hilo ni halali kabisa. Bajeti ya mteja ikiwa ndogo kweli, mpunguzie kazi: badala ya wilaya nne, ziwe mbili; badala ya ripoti na mafunzo, iwe ripoti peke yake. Ukimpunguzia bei na kumwachia kazi yote, umeshampangia bei ya mwakani, na rafiki zake wataisikia.

Kodi. Najua neno hili hupoza ukumbi, lakini limewaumiza wengi kuliko mengine yote niliyoyasema.

Mwajiriwa hakutani na Mamlaka ya Mapato. Kodi yake inakatwa, inapelekwa, basi. Mtu wa mkataba naye hukatwa: mteja anapomlipa ada ya huduma humkata kodi ya zuio ya asilimia 5. Bwana mmoja, mpima ardhi, aliamini kwamba asilimia 5 ndiyo ilikuwa kodi yake yote, na akafurahi sana, kwa sababu alipokuwa kwenye mshahara alikatwa zaidi. Mwaka ule aliingiza shilingi 30,000,000. Gharama zake halali, zenye risiti, zilikuwa 6,000,000. Mapato yake ya kutozwa kodi yakawa 24,000,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, milioni 12 za kwanza zinazaa kodi ya 1,536,000, na zinazozidi hapo zinatozwa asilimia 30, yaani 3,600,000. Jumla ni 5,136,000. Alichokatwa kwa zuio ni 1,500,000. Deni lililobaki ni 3,636,000, na fedha zenyewe zilikuwa zimeshageuka matofali.

Zuio ni malipo ya awali tu, linahesabiwa dhidi ya kodi ya mwaka, tena kwa sharti kwamba unayo hati ya zuio kutoka kwa mteja. Idaini hati hiyo kama unavyodai fedha yenyewe, kwa sababu ni fedha. Mwenye mwaka wa mapato unaoishia Desemba anawasilisha makadirio yake mwisho wa Machi, na analipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba, kisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka mzima, inafuata kabla ya Juni ya mwaka unaofuata kwisha. Hivyo, kila malipo yanapoingia, fungu la kodi lihamie akaunti nyingine siku hiyo hiyo, kabla ya ada za shule na kabla ya mafundi. Na risiti zitunzwe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa wamekutana na mkaguzi wa kodi.

Juu ya uzee nitasema kwa ufupi, maana hapa kisa kimoja kinatosha. Mama mmoja mhasibu aliacha kazi ili afanye ukaguzi wa hesabu wa kujitegemea. Alikuwa amechangia NSSF miezi 168. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Kwa miezi 12 tu angekosa kulipwa kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu aliyekuwa na wajibu wa kuhesabu hakuwa mtu yeyote ila yeye. Bahati njema alikwenda kuomba taarifa ya michango yake, akaiona namba ile, akaendelea kuchangia kama mwanachama aliyejiajiri. Wangapi humu ndani mnaijua idadi ya miezi yenu? Naona mikono mitatu. Wiki ijayo nendeni mkaulize.

Nimebakiza jambo ambalo linakihusu chama hiki moja kwa moja, nalo ni muda wa fedha kuingia.

Mshahara una adabu, unakuja tarehe yake. Ada ya mkataba inakuja kwa mafungu, na mara nyingi fungu kubwa limefungwa kwenye maneno haya: "baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa". Ikubaliwe na nani? Lini? Mwanachama mwenzetu mmoja aliwasilisha ripoti nzuri, mteja akaipokea, akanyamaza. Hakuikataa, hakuikubali. Mhusika alikuwa safarini, kisha likizo, kisha akahamishwa. Wakati huo mwenzetu ana marejesho ya mwezi hapa kwetu na ana watoto shule. Alipoishiwa, akaenda kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, akaweka kadi ya gari rehani. Ada ilipoingia hatimaye, sehemu kubwa ilipita tu mkononi mwake ikielekea kwa mkopeshaji.

Sentensi moja ndani ya mkataba ingemwokoa: mteja asipotoa maoni kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea ripoti, ripoti itahesabika kuwa imekubaliwa, na malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu kupokelewa kwa ankara. Iandikeni hiyo. Ombeni pia malipo ya awali ya kuanzia kazi, hasa pale usafiri wa uwandani na posho za wakusanya takwimu zinapotoka mfukoni mwenu. Wateja wenye nia njema hawakasirishwi na maneno hayo, na anayekasirika amekupa taarifa muhimu kabla hujaanza kazi.

Hapo pana jambo la nyumbani, niliguse japo Mwenyekiti ananitazama. Fungu likiingia, habari zake huwahi kufika kwa ndugu kuliko ujumbe wa benki. Kamati za harusi zinakuongeza kwenye kundi la WhatsApp bila kukuuliza, na ahadi yako inasomwa kwa sauti. Miezi mitatu isiyo na kazi haina kundi la WhatsApp. Panga kiwango chako cha michango kwa mwaka mzima, ukiseme mapema kwa mwenzi wako, na kikiisha kiwe kimeisha. Na kwa wake na waume wa watu wa mkataba: mtu aliyekaa nyumbani na kompyuta saa 4 asubuhi yuko kazini. Kumtuma gengeni kila nusu saa ni kupunguza zile siku 150.

Ndugu Mwenyekiti, haya yote yananileta kwenye pendekezo. Sera yetu ya mikopo bado inamtaka mwombaji alete hati ya mshahara na barua ya mwajiri, na inataka marejesho yaanze mwezi unaofuata, kiasi kile kile kila mwezi. Sera hiyo ilitungwa kwa ajili ya wanachama ambao leo ni wachache kuliko zamani. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye mkataba halali wa milioni 18 anakataliwa hapa dirishani, anatoka nje, anavuka barabara, anakopa kwa kausha damu.

Napendekeza mambo matatu yajadiliwe. Mkataba uliosainiwa, pamoja na ratiba yake ya malipo, ukubalike kuwa uthibitisho wa kipato. Marejesho yafuate ratiba hiyo ya malipo, na mteja aelekezwe kwa maandishi kupitisha ada kwenye akaunti ya mwanachama iliyoko hapa chamani. Na mwanachama wa mkataba awe na akiba ya tahadhari isiyoguswa, inayolingana na marejesho ya miezi mitatu, kabla ya kupewa mkopo.

Najua wenye mishahara mna hofu. Mnasema: sisi tunakatwa kila mwezi, hawa watakimbia na akiba zetu. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo sababu sikupendekeza masharti yalegezwe. Nimependekeza yabadilishwe yafanane na namna fedha inavyoingia. Wenye mishahara pia, kabla hamjaandika barua ya kuacha kazi, njooni ofisini mpange upya mkopo wenu mkiwa bado na hati ya mshahara mkononi. Barua ikishapokelewa, mazungumzo na mkopeshaji yeyote huwa mengine.

Rasimu ya pendekezo ninayo hapa, kurasa mbili tu, na nimejitahidi isivuke mipaka ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayotusimamia. Namkabidhi Katibu. Naomba ijadiliwe kabla ya agenda ya gawio, kwa sababu sote tunajua kwamba baada ya agenda ya gawio viti hubaki vitupu. Maswali nayapokea sasa, na naomba waanze wale wa nyuma waliokuwa wakikokotoa bei zao muda wote huu.

Asanteni kwa kunisikiliza.